Maji ya Moto Kwenye Magurudumu

Jumapili, 1 Agosti 1971

Tangu karavani iingie uani, mke wangu Nyanchera hanisemeshi. Chakula naletewa na binti yetu Loice. Anakiweka, anaondoka, kama aliyetumwa kwa mfungwa.

Haya. Niandike ukweli wangu, maana Gesima nzima inasambaza wake. Mzungu mmoja wa Sotik ameuza shamba, anarudi kwao. Alikuwa na karavani kuukuu, imekaa chini ya mikaratusi mpaka kuku wakaigeuza yao. Mimi nilikuwa na ng'ombe. Tukabadilishana. Mwanamume yeyote mwenye macho angefanya hivyo.

Lakini ng'ombe, wanasema, hakuwa wangu. Alikuwa wa mwisho wa mahari ya Nyanchera, na baba mkwe amemngoja tangu Loice hajazaliwa. Sasa habari zimevuka mto zikamfikia kabla sijamaliza hata kufukuza kuku. Ametuma neno. Makambi ya kanisa, ile mikutano ya kila mwaka, yakiisha mwezi huu, atakuja kuchukua ng'ombe wake. Asipomkuta ng'ombe, atamchukua binti yake na mjukuu juu.

Vitisho! Ogari mimi sitishwi.

Mpango ni huu. Mhubiri mgeni wa makambi lazima alale mahali. Hapa Gesima asubuhi maji yanauma mpaka kwenye mfupa. Mimi nitatia maji ya moto ndani ya karavani, yatoke kwenye mfereji, mtu aoge bila kutoka nje, kama hoteli za Kisii mjini. Mhubiri ataoga. Atanisifu mimbarani. Wakaguzi wa chai watasikia, watataka kupanga. Ng'ombe atarudi, tena na ndama nyuma yake.

Jirani yangu Angwenyi, yule wa nyumba ya mawe na sakafu ya saruji, alisimama kwenye ua wake akauliza kama kuku wamehama au wamepangishwa pamoja na banda lao. Nikaendelea kufukuza kuku. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Kisha nikakumbuka sina ng'ombe.

Jumanne, 3 Agosti

Nimempata fundi! Anaitwa Oyoo, Mjaluo wa kando ya ziwa, ana kibanda cha mabati soko la Keroka. Anasema hutengeneza chochote, ilimradi kiwe chuma. Alizunguka karavani akaigonga hapa na pale kama mtu anayenunua nyungu. Akasema kuni ni ujinga. Kwao ziwani pipa likikaa juani, adhuhuri huwezi kutia mkono. Tupandishe pipa juu ya paa, tulipake lami liwe jeusi, jua lifanye kazi. Jua halikatwi msituni wala halibebwi kichwani.

Nilimpenda papo hapo. Nikampa mkungu wa ndizi.

Lami nimeiomba kwa wale wanaotengeneza barabara. Oyoo akatoboa paa akashusha mfereji ndani, nami nikapaka pipa nje. Ikabaki kidogo. Kwa kuwa sipendi kupoteza mali, nikapaka na ndani.

Alhamisi, 5 Agosti

Asubuhi jua kali. Nikapanda juu ya paa, nikagusa pipa. Vuguvugu! Nikasema ningoje lichemke. Nikangoja. Saa nane mawingu yakatoka upande wa Manga, na saa nane u nusu mvua ikanyesha, kama inavyonyesha Gesima kila siku ya Mungu tangu babu zetu wahamie hapa. Nilijuaje? Mtu hawezi kukumbuka kila kitu.

Nikaingia hivyo hivyo, nikafungua mfereji. Maji baridi ya kukata roho. Nikaoga kwa hasira, nikijisugua kwa nguvu ili nipate joto.

Nilipotoka Loice alipiga mayowe. Nyanchera alikuja mbio, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, na kwa mara ya kwanza wiki hii akafungua kinywa. Aliniuliza kama mistari hiyo itaisha kabla baba yake hajaja au nitampokea hivyo.

Lami haitoki kwa sabuni. Hutoka kwa mafuta ya taa, na ngozi kidogo. Angwenyi alipita akasema amesikia punda milia mmoja amepotea Maasai.

Kosa si langu. Ni la jua. Mtu akikuahidi kazi halafu akaondoka saa nane, unamlaumu nani?

Jumatatu, 9 Agosti

Oyoo amekuja tena. Nilimsuta. Akasema hakuniambia nipake ndani. Sikutaka ugomvi, nikabadilisha mazungumzo.

Mpango mpya, mara kumi bora. Pipa lingine, safi, nje nyuma ya karavani, juu ya mawe. Moto chini yake. Bomba linatoka kwenye pipa, linapita ukutani, linaingia ndani mpaka kwenye kona ya kuogea, penye pazia. Na maji? Hapa ndipo akili yangu ilipong'aa. Mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa la karavani unamimina mvua moja kwa moja ndani ya pipa. Mvua iliyonishinda Alhamisi sasa itanitumikia. Akina mama wa kisimani hawatapata nafasi ya kuniona na debe.

Kilichokosekana ni bomba. Madukani ni ghali, ni wizi mtupu. Nilikaa kitandani nikiwaza. Nikawaza sana. Halafu nikatazama nilichokalia.

Kitanda chetu ni cha chuma. Cha harusi. Miguu na kichwa chake ni bomba tupu, zuri, limenyooka.

Oyoo amekikata mchana Nyanchera akiwa kwenye chai. Ameunganisha vipande kwa moto, kazi ya kupendeza. Alipouliza sisi tutalala wapi, nilimwambia godoro ndilo kitanda, vyuma vile vilikuwa mapambo tu.

Nyanchera amerudi. Ameona godoro sakafuni. Alitoka nje, akafuata bomba kwa macho kutoka ukutani hadi kwenye pipa, akalitambua ua lililochorwa kwenye chuma cha upande wa kichwa. Amekwenda kulala na Loice.

Ijumaa, 13 Agosti

Nimewasha moto mara ya kwanza. Oyoo alisisitiza pipa lifungwe barabara, joto lisitoroke. Mimi nikaongeza yangu. Juu ya kizibo nikashindilia nyuzi za mgomba, na juu ya nyuzi nikapigilia kigingi. Sifanyi kazi nusu nusu.

Maji yakaanza kunguruma. Oyoo akatabasamu. Yakanguruma zaidi. Pipa likaanza kucheza juu ya mawe. Oyoo akaacha kutabasamu, akasema anakumbuka ana mteja Keroka.

Sijui nilifikaje nyuma ya mgomba. Nilisikia mlio, mvuke ukajaa uani, na kigingi na kizibo vikaruka juu ya ua vikaingia kwa Angwenyi. Kisha nikamsikia Angwenyi akiuliza mbingu ni nani amemuua jogoo wake.

Alikuja na jogoo mkononi. Nilimwambia huenda amekufa kwa uzee. Akaninyooshea kizibo, bado kinafuka. Nimempa kuku jike wetu mmoja, tena anayetaga. Angwenyi amefaidika kupita kiasi na bado ananuna.

Jioni, kabla ya jua kuzama na Sabato kuingia, nilimwona Nyanchera akikunja magauni ya Loice, moja moja, na kuyapanga kwenye kikapu. Si ya kufua. Ni safi.

Niliogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Niliogopa, nikakaa kwenye ngazi ya karavani mpaka giza likaingia. Nampenda mwanamke huyu, hata asiponisemesha. Bila yeye na Loice, boma hili litabaki mimi na karavani.

Lakini kurudi nyuma? Katu!

Jumapili, 15 Agosti

INAFANYA KAZI!

Siri ni kupumua. Oyoo ametoboa juu ya pipa akasimamisha kipande cha bomba, mvuke upite. Anadai ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo. Nimenyamaza, nina furaha ya kutosha watu wote.

Niliingia kwenye kona, nikavuta pazia, nikafungua mfereji. Maji ya moto. Ya moto! Yananishuka mgongoni, yanapita kwenye tundu la sakafu, yanakwenda zake shambani. Niliimba nyimbo tatu za kitabu na moja isiyo ya kitabu. Nilipotoka nilikuwa laini kama ndizi iliyochemshwa.

Alasiri nikamwalika Mzee Alfayo, mzee wetu wa kanisa, aje kukagua kwa niaba ya kamati ya makambi. Alisema ataosha miguu tu. Aliingia. Tukangoja. Tukasikia maji. Tukangoja tena. Mvua ikanyesha ikaisha. Mwishowe nikagonga kwa adabu, naye akajibu kutoka ndani kwamba ukaguzi bado unaendelea.

Alitoka akifuka mvuke, macho yamelegea. Nikajua nimeshinda.

Sikushinda. Kamati imeamua mhubiri alale kwa Angwenyi. Sababu? Ati mhubiri ni mrefu, na dari ya karavani ni fupi. Mzee Alfayo alinieleza kwa upole akanipigapiga bega. Akauliza kama Jumapili ijayo moto utakuwepo.

Kamati haina maono. Mhubiri angeweza kuinama. Si ndiyo kazi yake, kunyenyekea?

Jumanne, 17 Agosti

Makambi yameanza, na mvua haijapumzika. Mahema ya uwanjani yameloa. Madarasa ya shule wanamolala akina mama yameingia maji. Na miongoni mwa akina mama hao amefika mama mkwe.

Ana baridi yabisi. Magoti yake hayakunji. Nyanchera amemkuta amekaa kwenye dawati la watoto, miguu ndani ya maji, anatetemeka na kusema yuko salama. Nyanchera alirudi nyumbani analia. Alisimama mbele yangu akasema, "Baba Loice, mama yangu atakufa kwa baridi, nami nina nyumba."

Nyumba anayo, lakini tunajua sote. Kwetu kuna chinsoni, ile miiko ya heshima kati ya wakwe. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Mkwe haingii alalapo mama mkwe wala haoni aogapo. Ukivunja, unalipa mtamba na mbuzi wa kutakasa, na unazungumzwa mpaka wajukuu.

Hapo ndipo akili yangu ikawaka. Ningemweka mama mkwe kwenye karavani! Angeoga maji ya moto. Magoti yangelegea. Angerudi ng'ambo ya mto akamwambia mume wake, mwachie mtoto wa watu muda kidogo amtafute ng'ombe wako. Mhubiri wa nini? Mama mkwe ndiye mhubiri ninayemhitaji.

Nikamwendea Mzee Alfayo mbele ya watu. Nikatoa hoja. Nyumba ina msingi, nikasema. Ina nguzo ya kati. Nyumba haina magurudumu. Karavani si nyumba, ni gari lililosimama. Chinsoni ya gari iko wapi? Mama mkwe si hupanda basi moja na mkwe kwenda Kisii?

Watu wakaguna. Mzee Alfayo akafunga macho, nadhani alikuwa akikumbuka ule ukaguzi. Kisha akatangaza, tena kwa sauti, kwamba kweli, kitu chenye magurudumu si nyumba.

Mama mkwe ameingia jioni akishikwa mkono na binti yake. Nimewasha moto mkubwa. Nilikaa mbali, nyuma ya migomba, kama inavyotakiwa. Nikasikia maji yakitoka. Nikasikia mama mkwe akisema "Aaa." Halafu tena, "Aaa."

Nyanchera alileta chakula changu mwenyewe. Hata aliketi. Nimemshinda Angwenyi, nimeshinda kamati, nimeshinda mila!

Jumatano, 18 Agosti

Tatizo dogo.

Asubuhi nilikwenda kuchukua koti langu la kanisani, limetundikwa ndani ya karavani. Nyanchera alinizuia kwa kifua chake. Akanikumbusha kwamba mama yake amelala mle, ameoga mle. Nyumba au si nyumba, ni malazi ya mama mkwe, na mimi sitaweka mguu humo. Si leo, si kesho.

Nikasema basi aniletee koti. Akaingia. Akatoka bila koti. Usiku mama mkwe alihisi baridi ya alfajiri, akajifunika nalo. Likishakuwa shuka la mama mkwe, si koti tena.

Nimekwenda makambini nikiwa nimejifunika gunia kama mtu anayevuna chai. Angwenyi alikuwa mstari wa mbele karibu na mhubiri, amevaa tai.

Tena kuna hili. Mfereji uko ndani, moto uko nje. Siruhusiwi ndani. Kwa hiyo mama mkwe akitaka joto zaidi, hugonga bomba. Akigonga mara moja, niongeze kuni. Mara mbili, basi. Leo amegonga tangu kabla ya jogoo (wa watu wengine) kuwika mpaka wakati wa kulala. Mimi, mwenye karavani, nimekuwa mpishi wa maji. Macho yananiwasha moshi.

Lakini alipokwenda ibadani alitembea bila fimbo. Nimeona mwenyewe, kwa mbali, kupitia migomba. Hoja yangu inakua.

Jumamosi, 21 Agosti

Sabato, siku ya mwisho ya makambi. Hatuwashi moto. Lakini jana kabla jua halijazama nilitia gogo la mkaratusi chini ya pipa, nene kama fahali. Lilikuwa linawaka polepole usiku kucha, na asubuhi moshi ulikuwa ukipanda.

Angwenyi aliuona. Alikuja na Mzee Alfayo, nyuma yao nusu ya makambi. Alisimama uani kwangu akauliza ni Msabato gani huyu anayechoma kuni siku ya Bwana. Nilianza kueleza habari za gogo. Hakuna aliyenisikiliza. Wengine walikuwa tayari wanasema nitengwe na kanisa.

Ndipo dirisha la karavani likafunguka kidogo. Mimi niligeuka haraka nikaangalia migomba. Sauti ya mama mkwe ikasema, "Moto huu uliwashwa Ijumaa, jua likiwa juu. Nilikuwepo. Mnaotaka kuuzima uzimeni, lakini kuzima moto nako ni kazi, na leo ni Sabato."

Mzee Alfayo aliwaza, akasema ni kweli, moto huu uachwe ufe wenyewe, na kama maji yamepata joto kwa bahati, si dhambi ya mtu. Watu wakatawanyika.

Dirisha likafungwa. Ningemkumbatia mama mkwe, kama isingekuwa chinsoni, na kama si yeye.

Sasa jambo tamu kuliko yote, niliandike taratibu. Haikupita muda, nikasikia mtu akikohoa kwenye ua. Angwenyi. Peke yake. Ameshika ndoo. Ati mhubiri ameamka na mafua, atahubiri hotuba ya kufunga, na kwa Angwenyi hakuna moto kwa sababu ni Sabato. Ati kama kuna maji kidogo.

Nilimwambia kwa upole angoje, mama mkwe yuko kwenye mfereji. Alingoja. Alisimama na ndoo yake uani kwangu, na tai shingoni, na watu wakapita wakimsalimu. Nilimwacha asimame mpaka nikatosheka, halafu nikamwomba Loice ampelekee. Nusu ndoo.

Kesho anakuja baba mkwe. Aje! Niko tayari kwa mtu yeyote.

Jumapili, 22 Agosti

Alikuja asubuhi na wapwa wake wawili na kamba ya kumfungia ng'ombe. Hakuketi. Aliuliza ng'ombe yuko wapi. Kikapu cha Loice kilikuwa mlangoni, na juu yake kile cha Nyanchera. Nyanchera alisimama kando yake ameinamisha kichwa. Loice alimshika nguo.

Nikaanza hotuba yangu, ile niliyoifanyia mazoezi. Baba mkwe akainua mkono akanizima. Alikuwa akimtazama mke wake.

Mama mkwe alikuwa ametoka karavani. Alikuja hatua kwa hatua, bila fimbo. Mbele ya mumewe alipiga magoti chini, kisha akainuka mwenyewe. Kumbe mzee huyo hajaona jambo hilo tangu miaka mingi iliyopita. Wakaenda kando wakazungumza. Mama mkwe alinyoosha kidole kuelekea pipa, kuelekea bomba, kuelekea mfereji. Alikunja goti moja, akalinyoosha, akakunja la pili.

Nikamwona mzee akizunguka karavani. Aligonga ukuta. Akapiga teke gurudumu. Kifua changu kikajaa. Nikamkonyeza Angwenyi, aliyekuwa amekuja kutazama nikinyang'anywa mke.

Mzee akasimama mbele yangu.

"Ogari," akasema, "mke wangu amelala humu. Niambie mbele ya watu hawa. Hii ni nyumba, au si nyumba?"

Niliona mtego! Nikisema nyumba, nimemlaza mama mkwe chini ya paa langu, na faini ni mtamba na mbuzi. Lakini Ogari hashikwi kirahisi. Nikacheka kidogo. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Si nyumba, mzee. Ina magurudumu. Hata Mzee Alfayo alikata shauri."

"Umesema vizuri," akasema. "Nyumba haichukuliwi. Ila kitu kinachotembea huchukuliwa. Ng'ombe wangu alikuwa wa kutembea, na hii nayo inatembea. Mahari yangu imekamilika. Kesho naipeleka kwangu."

Nikamtazama Mzee Alfayo. Alikuwa akitazama pipa kwa huzuni.

Nilitaka kubisha. Nilifungua kinywa. Kisha nikaona Nyanchera ameinua kikapu cha Loice na kukirudisha ndani. Halafu cha kwake. Alipopita karibu nami aliniambia polepole, wengine wasisikie, "Funga mdomo, Baba Loice. Mara hii tu."

Nikaufunga. Nikajisikia mwepesi, kama mtu aliyetua debe. Hiyo ni kweli nayo, siifuti.

Jumatatu, 23 Agosti

Wameivuta kwa mafahali wa ukoo wao mzima. Lango halikutosha mafahali wengi hivyo. Ilibidi wakate ua wa Angwenyi, naye alikuwa kazini. Hiyo ni faraja.

Nilisema pipa na bomba vibaki, si sehemu ya makubaliano. Baba mkwe akauliza nani aliwahi kuchukua ng'ombe akaacha kiwele. Wapwa wakapakia. Kwa hiyo kitanda changu cha harusi nacho kimevuka mto. Koti pia. Baba mkwe alikuwa amelivaa.

Mama mkwe alikaa mbele dirishani kama malkia. Mimi nilisimama migombani nikiwa nimegeuza uso. Sitaingia tena ndani ya karavani ile mpaka kufa kwangu. Hata kuichungulia siwezi.

Oyoo alifika jioni kudai mkungu wa pili. Akasema baba mkwe amemwita ampelekee bomba la kwenda jikoni. Anaahidiwa migomba mizima.

Lakini mahari imekwisha! Na desturi ikitimizwa, wakwe nao hurudisha mkono. Mama mkwe ametuma ndama jike, mwekundu, macho mapole. Ametuma na neno, tena akalirudia kwa mleta habari ili lisipotee njiani. Ndama ni wa Nyanchera. Si wa Ogari. Nyanchera amemfunga nyuma ya jiko, amempa jina. Usiku alivuta godoro letu karibu na moto, akacheka peke yake gizani. Nilipomuuliza anacheka nini, alisema lami.

Jumatano, 25 Agosti

Nimekaa, nimefikiri. Mtu mwenye busara hujifunza, si mjinga kama Angwenyi, ambaye tangu jana anashona ua wake kwa nyuzi za katani na kunilaani.

Nimetafuta kosa lilikuwa wapi katika jambo hili. Maji yalikuwa moto. Bomba lilipumua. Hoja ilisimama. Kosa nimelipata. Kosa lilikuwa magurudumu.

Sasa, kule Sotik kuna mzungu mwingine anaondoka Ijumaa. Ana bafu la chuma, kubwa, jeupe, zito kiasi kwamba wanaume sita hawalinyanyui. Lina miguu minne ya simba. Miguu linayo lakini haliendi popote! Likishatua uani kwangu, nani atalivuta? Kwa fahali gani? Nitalichimbia moto chini yake, mtu akae ndani, shingo nje. Wakaguzi wa chai watapigana. Mzee Alfayo nimeshamdokezea, na alinishika mkono kwa nguvu.

Mzungu anataka ndama tu. Mdogo, jike, rangi yoyote.

Nyanchera amekwenda soko la Keroka na Loice, hatarudi kabla ya jioni. Akirudi nitamweleza vizuri, kwa utulivu, na ataona faida yake. Ndama nimeshamfungua kamba.